Kabla Hujanunua Sabufa Nyingine

Mjukuu wangu, kaa kwanza. Haya nilimwambia baba yako, nikawaambia kaka zako waliohamia Tunduma, na sasa zamu imekufikia wewe. Kusema sijachoka. Kilichochoka ni macho, na mkono wa kuunganisha risasi hautulii tena kama zamani. Kwa hiyo nisikilize taratibu, usinikatize mpaka nifike mwisho.

Nimesikia chama chetu cha ushirika, AMCOS, kimelipa kahawa. Nimesikia pia kwamba sehemu ya pesa hiyo unataka kwenda nayo Tunduma kutafuta sabufa kubwa kuliko hii uliyonayo. Unasema hii haina mziki: ukiongeza sauti inapasua, besi inalegea, na usiku inaunguruma hata kabla hujaweka wimbo. Umeshahukumu kwamba spika ni mbovu. Nakuomba uiahirishe hukumu hiyo. Katika miaka yangu yote ya ufundi redio hapa Nanyala na kule Mlowo, wengi walioniletea malalamiko kama yako spika zao zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa nyuma, upande wa umeme, mahali ambapo mnunuzi hatazami kwa sababu hapana taa za rangi.

Kuna jambo moja nataka ulishike, maana mengine yote yanatoka humo. Sauti unayoisikia haitoki kwenye simu yako. Simu inatoa alama ndogo tu, isiyo na nguvu ya kusogeza koni ya sabufa hata kidogo. Kinachosogeza koni ni umeme wa ukutani wenyewe. Kazi ya ampu ni kuuachia umeme huo kwa kipimo, kidogo hapa, mwingi pale, kwa kufuata umbo la wimbo. Ukisikia ngoma inadunda, ujue ni umeme wa TANESCO unaodunda. Ukiingia mchafu, ngoma inatoka chafu. Ukiingia pungufu, ngoma inatoka pungufu. Hakuna spika, hata iwe ya bei gani, inayoweza kurekebisha hilo, kwa sababu spika iko mwisho wa safari na uharibifu umetokea mwanzo.

Twende nao umeme huo hatua kwa hatua. Unaingia ukiwa volti 230, ukienda na kurudi mara 50 kila sekunde. Transfoma inaushusha hadi volti 12 au 15 hivi. Daiodi nne zinaulazimisha uelekee upande mmoja, lakini hata hapo bado unakuja kwa mapigo, 100 kwa sekunde, na baina ya pigo na pigo hakuna kitu. Fikiria bomba la kijiji linalotoka kwa kukatikakatika, nawe umetega pipa chini yake. Pipa hilo ndilo kapasita. Bomba likinyamaza, nyumba nzima inachota kwenye pipa. Pipa likiwa kubwa, anayeoga hajui kama bomba limekatika. Likiwa dogo, au limetoboka kwa uzee, maji yanamwishia akiwa na povu kichwani.

Wewe umesoma, kwa hiyo nikupe hesabu. Kapasita ya maikrofaradi 4,700 ikichotwa ampea 3 kwa muda wa pigo moja, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, volti zake zinaweza kushuka kwa 6 hivi. Ulianza na 17, umebaki na 11. Weka ya maikrofaradi 10,000 mahali pake, mshuko unakuwa volti 3. Kwenye ule mshuko wa kwanza ndipo besi yako ilipolegea, maana besi ndiyo inayochota nyingi kwa mara moja. Utasikia gitaa la solo safi kabisa, sauti ya mwimbaji safi, mpaka ngoma ya chini iingie. Hapo kila kitu kinatetemeka pamoja, mwimbaji naye, kwa kuwa wote wanategemea akiba ileile. Unaposema spika inapasua, mara nyingi kinachopasuka ni kilele cha wimbo kilichogonga dari ya volti na kukatwa. Na ukizidi kuongeza sauti wakati umeme umeisha, kilele kile kilichokatwa kinapeleka joto kwenye spika ndogo ya juu na kuiunguza koili. Kisha unasema spika za siku hizi hazidumu.

Mngurumo nao una lugha yake, ukitega sikio. Ule mzito wa chini kabisa, wa mara 50 kwa sekunde, kwa kawaida umeingia kwa nje: waya wa alama uliopita karibu na transfoma, au waya wa athi wenye kasoro. Ule wa juu yake kidogo, wenye kukwaruza, wa mara 100 kwa sekunde, ni mapigo yanayovuja kupita kapasita iliyochoka. Zima simu, chomoa waya wa aux, teremsha sauti mpaka sifuri. Kama bado unaunguruma vilevile, ugonjwa uko kwenye umeme wa ndani ya sabufa. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi moja, na mwenye duka hatakuambia ukifanye.

Sasa tuje kwenye lile boksi ulilolipenda. Limeandikwa wati 10,000 kwa herufi za dhahabu, na pembeni herufi nne, PMPO. Herufi hizo hazina kipimo kinachokubalika popote. Kila mtengenezaji anaandika anachotaka. Igeuze sabufa, usome kibandiko cha nyuma mahali waya wa umeme unapoingilia. Ukikuta imeandikwa wati 60, basi hizo ndizo inazokula, na haiwezi kutoa zaidi ya inachokula, isipokuwa mdundo mfupi mno unaotoka kwenye akiba ya kapasita. Sehemu nyingine inapotea kama joto. Kama inatumia adapta ya volti 12 na ampea 5, zidisha mwenyewe: 60. Hizo 10,000 zimetoka wapi?

Tena sikio letu halihesabu wati kama pochi inavyohesabu pesa. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini haikushtui. Ili sikio lako lenyewe likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kijana anayetoka kwenye wati 40 za kweli kwenda 60 za kweli amepata desibeli zisizofika 2. Ameuza magunia ya kahawa kwa tofauti ambayo mke wake, akiwa jikoni, hatajua kama imetokea. Jambo hili linaniuma, mjukuu wangu. Nimewaona vijana wazuri wa kata hii wakibadilisha sabufa kila msimu, na ile ya zamani, nzima kabisa, ikitupwa stoo pamoja na majembe, kumbe ilihitaji kapasita mbili na soketi iliyokazwa.

Wazee wetu walikuwa na fahamu ya thamani ya umeme kwa sababu pesa iliwalazimisha. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka wetu, Zambia ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini, Harry Franklin aliyesimamia idara ya habari ya serikali ya kikoloni alikuwa akitafuta redio ambayo mwanakijiji asiye na umeme angeweza kuimudu. Watengenezaji wa betri za Ever Ready wakaitengeneza ndani ya umbo la sufuria ya aluminiamu, ikaitwa Saucepan Special. Redio iliuzwa paundi 5. Betri yake iliuzwa shilingi 25 za wakati ule, robo ya bei ya redio yenyewe, na ikadumu kama saa 300. Aliyeinunua alijua wazi kwamba amenunua vitu viwili, redio na umeme wake, na cha pili aliendelea kukinunua maisha yote. Sisi tuliokua na redio za National za betri tulikuwa na ufahamu uleule: betri zikilegea, mtangazaji anazama, unazitoa, unazianika juani, unazibana meno. Hakuna aliyesema redio ni mbovu. Jambo jingine nataka ulikumbuke: betri haina mapigo. Redio zile zilikuwa ndogo, spika ya kiganja, lakini ukimya wa nyuma ya sauti ulikuwa ukimya kweli. Umeme ulipoingia ukutani, tuliacha kuuona kama kitu cha pili. Tukadhani upo tu, kama hewa.

Basi tuanze na nyumba yako, kabla ya kugusa sabufa.

Una soketi moja sebuleni, na kwenye soketi hiyo umening'iniza ekstensheni ya njia nne. Humo mna televisheni, king'amuzi, chaja tatu, na mama watoto akitaka kupiga pasi naye anachomeka humohumo. Nyaya za ekstensheni hizi za bei rahisi ni nyembamba mno. Pasi ikivuta ampea zake, volti zinapotea njiani kabla hazijafika kwenye sabufa. Ishike plagi baada ya saa moja ya mziki. Ikiwa ya moto, joto hilo ni umeme wako unaoungulia hapo, na siku moja itakuwa nyumba. Toa sabufa kwenye ekstensheni. Ipe soketi yake, ya ukutani, iliyokazwa skrubu vizuri, na waya mfupi. Mwite fundi aliyesajiliwa akaze na soketi nyingine zote siku hiyohiyo. Wengi niliowaambia wafanye hili tu walirudi wakidai nimewafanyia kitu ndani ya sabufa, na wala sikuwa nimeifungua.

Halafu waya wa athi. Ile pini ndefu ya juu kwenye plagi ya pini tatu haikuwekwa kwa pambo. Inakwenda mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba, na ndiyo inayokulinda siku waya wa moto ukigusa bodi ya chuma. Mmezoea kuchukua plagi ya pini mbili na kuichokonolea kwa kalamu au kijiko mpaka iingie kwenye soketi ya pini tatu. Mnaichezea roho. Nimezika mtu kwa jambo hilo, na sitaki kulizungumza zaidi. Kanunue plagi sahihi. Kisha nenda nyuma ya nyumba, tazama kama fimbo ile bado imeshikamana na waya wake au imekatwa na jembe wakati wa kulimia maharage.

Baada ya hapo, jaribu kusikiliza wimbo mmoja mara mbili: saa moja jioni, na tena usiku wa manane kwa sauti ya chini ili usiwaamshe watu. Ukikuta usiku wa manane unaimba vizuri na jioni unapasua, jibu umelipata bila fundi. Jioni kila nyumba imewasha, mashine za kusaga bado zinamalizia mahindi, na pale barabarani mtu anachomelea bodi la lori. Volti 230 zinaweza kushuka zikawa 180. Transfoma ya sabufa haina akili ya kufidia. Inashusha kwa uwiano uleule. Nguvu inayobaki kwenye ampu ni asilimia 61 ya ile ya kawaida, maana wati zinafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Sabufa yako kila jioni inakuwa sabufa ndogo, na hakuna aliyeigusa.

Najua utaniambia kwamba siku hizi umeme ni mwingi. Ni kweli, na nafurahi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa megawati 2,115, mashine 9, na mradi wa kuunganisha gridi yetu na ya Zambia unaleta njia ya kilovoti 400 kutoka Iringa, kupita Mbeya, hadi Tunduma na kuelekea Sumbawanga. Nikiwa kijana, jambo hilo lingeonekana ndoto. Lakini megawati za Rufiji hazinenepeshi waya mwembamba wa mtaani kwako. Kama nyumba yako iko nguzo ya mwisho, na transfoma ya mtaa inagawana na nyumba nyingi kuliko iliyopangiwa, utashushiwa volti hata taifa likiwa na ziada. Pima kwa mita ya fundi, andika saa na kipimo kwa siku kadhaa, upeleke karatasi hiyo ofisi ya TANESCO. Malalamiko yenye namba husikilizwa kuliko kelele. Wakati unasubiri, stabilaiza ya ukubwa wa kweli itasaidia. Ielewe tu kazi yake: inapandisha volti zilizoshuka, haiondoi mngurumo.

Sasa ndani ya sabufa. Hapa nakuomba usiwe shujaa. Upande wa kwanza wa transfoma unaweza kuwa na volti 230 hata swichi ya mbele ikiwa imezimwa, kwa sababu kwenye baadhi ya sabufa swichi inakata upande wa pili tu. Na kapasita kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomoa waya. Wapo walioungua vidole na bisibisi wakidhani kuchomoa kunatosha. Mpelekee fundi, au uje kwangu ukae ukitazama, na mimi nitakuonyesha balbu ya serieli tunayowasha nayo kifaa kwa mara ya kwanza ili kosa likiwepo iwake balbu badala ya kuungua transfoma.

Tukishafungua, tutatazama kwanza vichwa vya kapasita. Kichwa kilichovimba au kilichotoa ute wa kahawia kimekufa. Kilichokaa bapa nacho kinaweza kuwa kimekauka ndani, hasa kama kiliwekwa kukigusa chuma cha kupoozea ampu. Joto ndilo adui wa kapasita: kila likipanda nyuzi 10, umri wake unapungua kwa nusu hivi. Ndiyo maana ukinunua mpya, utafute iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, na volti zake ziwe juu ya zile zilizomo, kwa nafasi ya kutosha. Palipo na volti 24, kapasita ya 25 ni ya kukopa siku. Weka ya 35. Jihadhari na zile zilizobanduliwa kutoka kwenye bodi za televisheni zilizokufa na kuvalishwa ganda jipya. Ukikuta ganda limeandikwa uwezo mkubwa na kimwili ni ndogo kama kidole cha mtoto, achana nayo.

Kisha daiodi. Ukikuta nne za 1N4007, hizo ni za ampea 1 kila moja, na besi yako inaomba 3. Tutaweka 1N5408, za ampea 3, zinapatikana kwa bei ndogo. Nyaya nyembamba kutoka transfoma hadi kwenye bodi tutazibadilisha kwa nene na fupi. Tutakazia viungo vya risasi vilivyopasuka kwa mtikisiko. Mwisho tutaipima transfoma yenyewe. Kama ni nyepesi mkononi na inachemka, hapo kweli pana sababu ya kutumia pesa: tutatafuta transfoma nzito kutoka kwenye ampu ya zamani iliyokufa, yenye volti zilezile na ampea zaidi. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote.

Zingatia nilivyosema: volti zilezile. Vijana wa ufundi wa siku hizi wana mtindo wa kuongeza volti ili sauti ipande haraka. Ile IC ya TDA2030 iliyomo kwenye sabufa nyingi mwisho wake ni volti 18 chanya na 18 hasi. Ukiilisha 24 kila upande itaimba kwa furaha jioni moja, kisha itakufa, na ikifa vibaya inapeleka umeme wa moja kwa moja kwenye spika na kuiunguza nayo. Vivyo hivyo kapasita. Kutoka 4,700 kwenda 10,000 ni busara. Ukiweka 100,000, kila unapowasha, daiodi zinajazishwa mzigo zisiouweza, fyuzi inakatika, na fundi mvivu anaweka waya mtupu mahali pa fyuzi. Fyuzi iliyokatika imefanya kazi yake. Usikubali kamwe mtu akuwekee waya pale, hata akiwa ndugu.

Kuna ugonjwa mmoja mdogo unaosumbua karibu kila nyumba, na watu wameshabadilisha sabufa nzima kwa ajili yake. Simu ipo kwenye chaja, na hapohapo imeunganishwa na sabufa kwa waya wa aux. Mziki unakuja na mluzi na mkwaruzo. Chomoa chaja, vinatoweka. Hapo umeme wa chaja na umeme wa sabufa vimekutana kupitia waya wa aux na kuzunguka. Chaji simu kwanza, sikiliza baadaye, au tumia bluetooth. Na kama kibodi cha bluetooth kiko ndani ya sabufa, kinakula umeme uleule wa ampu, na kinapiga mluzi wimbo ukiwa umetulia, kuna kisehemu kidogo kiitwacho B0505S kinachokipa volti zake 5 kwa kuzitenga kabisa na za ampu. Ni kidogo kama punje mbili za mahindi zilizoshikana, lakini nimeona kikinyamazisha kelele iliyomshinda mtu mwaka mzima.

Wenzako walio mbali na nguzo, wenye sola, waambie nao kwa ufupi. Kama ampu ni ya volti 12, wailishe moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa waya mnene, na fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Waache kupitisha kwenye inveta ya bei rahisi inayotoa umeme wa ngazi ngazi, maana ngazi hizo zinasikika kama nyuki. Betri ya asidi isichotwe zaidi ya nusu, na isiwekwe chumba cha kulala, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Nakuhakikishia, sauti iliyo safi kuliko zote nilizosikia Mbozi ilikuwa ya mtu wa sola, mwenye ampu ndogo kabisa.

Najua pia unaweza kupitiliza upande wa pili, maana wewe ukipenda jambo hulipenda mpaka mwisho. Ulimwenguni wapo waliopitiliza. Huko Salisbury, Uingereza, kampuni ya Naim iliyoanzishwa na Julian Vereker imejenga jina kwa kuuza masanduku ya umeme yanayosimama peke yake, ili mwenye ampu abadilishe umeme bila kubadilisha ampu. Wazo hilo nalikubali. Lakini mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliandika habari za mwanasheria mmoja mzee wa Tokyo aliyelipa kama dola 10,000 ili asimikiwe nguzo ya umeme uani kwake, na transfoma yake mwenyewe, asichangie umeme na majirani, kwa ajili ya mziki wake tu. Simdharau; ni mali yake na masikio yake. Ila sisi wengi wetu huku tumeunganishwa kwa shilingi 27,000 za mradi wa umeme vijijini, REA, na nguzo moja tunaishukuru mtaa mzima. Usiniletee kesho habari za nyaya za fedha na plagi za dhahabu. Ukishapata volti kamili, athi nzuri, transfoma nzito, daiodi na kapasita zinazotosha, umefika. Kinachofuata baada ya hapo ni majivuno.

Na utajuaje kwamba umefika? Usipime kwa mabati yanayotikisika wala kwa jirani anayekuja kugombana. Chukua nyimbo za Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, yule aliyetutoka mwaka 1979. Nyimbo zile hazina besi ya kupasua kifua, na ndiyo sababu nakupa hizo. Sikiliza gitaa la besi. Kwenye sabufa yako ya sasa ni mvumo tu, hujui kidole kimeondoka lini. Umeme ukikaa sawa, utasikia kila nota inaanza na inakoma, na baina ya nota na nota pana ukimya. Utasikia magitaa mawili yakijibizana ambayo ulidhani ni moja. Utasikia mwimbaji akivuta pumzi. Baba yako alipolisikia hilo mara ya kwanza, alikaa chini akauliza kama ni kanda nyingine.

Kwa hiyo wiki hii usiende Tunduma. Leo toa sabufa kwenye ekstensheni. Jioni na usiku fanya kile kipimo cha sauti sifuri, na kile cha wimbo mmoja mara mbili, uandike ulichosikia. Fundi wa nyumba aje akaze soketi na kutazama fimbo ya shaba. Jumamosi mchana, macho yangu yakiwa bado na mwanga, uje na sabufa yenyewe, chaja unayotumia, na ile karatasi. Pesa ya kahawa mpe mama yako aitunze, ubaki na ya kapasita, daiodi na plagi. Kama transfoma itahitajika, nitakuandikia volti na ampea zake, ukaitafute kwa mafundi wa Mlowo au Vwawa kabla ya kufikiria duka lolote. Na usiifungue njiani.